Asiyepepesa

Siku Brayson alipopigwa chanjo yake ya kwanza, manesi wa kliniki waliitana waje kumwona. Watoto wengine walikuwa wanapiga kelele mpaka mabati yanaitikia, yeye kaitazama sindano ikiingia pajani, kaitazama ikitoka, kisha kaendelea kunyonya kidole. "Huyu ni mwanaume kamili," nesi mmoja alisema, na Meshack, baba mtu, alitabasamu njia nzima mpaka nyumbani kwao, mtaa wa Kwa Mrombo. Soila, mkewe, hakutabasamu. Alikuwa amejiandaa kumbembeleza mtoto na hakupata wa kumbembeleza, na jambo hilo lilimkaa rohoni kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Meno yalipoota, mtoto alijitafuna ulimi mpaka shuka likalowa damu, naye anacheka. Alipoanza kutembea alirudi ndani na majeraha ambayo hakuna aliyejua yametoka wapi. Halafu, akiwa na miaka miwili, aliingia kwenye banda la Meshack la kuchomelea mageti na kushika nondo iliyotoka kuchomwa muda uleule. Meshack alisikia harufu kwanza. Alipogeuka alimkuta mwanawe ameikamata nondo kwa kiganja kizima, anamnyooshea kwa furaha. "Baba, ona!"

Ndipo wakaenda hospitali ya rufaa. Daktari, mama wa makamo aliyeongea taratibu, aliwatajia jina refu la Kizungu ambalo wote wawili walilisahau kabla hawajafika stendi. Mengine hawakuyasahau. Alisema ni ugonjwa wa nadra, kwamba katika kazi yake yote huyu ndiye wa kwanza kumwona kwa macho yake. Mishipa ya mtoto haipeleki habari ya maumivu wala ya moto, na mwili wake hautoi jasho. Dawa hakuna.

"Mwili wa mtoto wenu hautoi taarifa," daktari alisema. "Taarifa mtaitafuta ninyi. Kila jioni mvueni kila kitu, mwangalieni kuanzia unyayo mpaka utosini. Mdomoni, katikati ya vidole, nyuma ya masikio. Na msimuulize kama anaumia. Atawaambia hapana, na atakuwa anasema kweli."

Basi hivyo ndivyo nyumba ile ilivyoishi. Wenzao wakishakula wanakaa kwenye televisheni. Soila alileta beseni na tochi, Brayson akapanda juu ya stuli. Geuka. Nyanyua mguu. Fungua mdomo. Mtoto aliuchukia ukaguzi ule kama watoto wengine wanavyochukia kunyolewa, akawa analia kwa hasira anataka simu achezee. Maana kulia alijua, tusije tukaelewana vibaya. Alilia akinyimwa simu, alilia jogoo wa jirani alipochinjwa. Kilichokosekana ni kile kilio kimoja tu, kinachomleta mama mbio.

Meshack naye hakuwa baba mbaya. Alilitengenezea jiko uzio wa chuma wenye komeo. Alizungushia raba kona zote za meza na vitanda. Jua la Januari likiwaka alimmwagia mtoto maji kichwani kila mara, hata wateja wakiwa wanasubiri. Ingekuwa ni kwake tu, pale Kwa Mrombo, huenda mambo yangekwenda salama miaka mingi.

Lakini Meshack alikuwa na kidonda chake mwenyewe, na hicho hakuna beseni lililokifikia.

Kwao ni Oldonyosambu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwa Waarusha wanaolima mahindi huku wanafuga. Huko kijana anapotahiriwa, wanaume humzunguka alfajiri kwenye baridi, na hawatazami kisu. Wanatazama uso. Meshack, siku yake, hakulia wala hakusogea. Alipepesa macho. Mara moja. Ilitosha. Vijana waliingia zizini wakawachapa fimbo ng'ombe wa baba yake kwa aibu ile, na baba yake, Mzee Loishiye, aliondoka kwenye sherehe aliyoiandaa mwenyewe bila kuonja hata nyama. Tangu hapo kaka yake mkubwa, Solomoni, alimwita Kope. Wengine wakadaka. Aliitwa Kope kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada. Mtu mzima, ana mke, ana banda lake, mageti yake yamesimama mpaka Themi kwa wenye nazo, lakini akifika kwao ni Kope. Alipohamia mjini alisema amefuata kazi, na watu wakamwacha aamini kwamba wameamini.

Sasa fikiria habari ilipofika Oldonyosambu kwamba Kope amezaa mtoto asiyelia hata akiungua. Meshack aliwaambia ni ugonjwa. Alisema hivyo mara moja, akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya baba yake. Mzee Loishiye, ambaye ni mzee wa kanisa na Jumapili huvaa koti la suti juu ya lubega, alimjibu bila kumtazama. "Ugonjwa ni kulia," alisema.

Pale ndipo Meshack alipotakiwa kurudia, na kurudia, mpaka sauti imkauke. Hakurudia. Tuseme ukweli, yale maneno ya baba yake yalimnogea.

Brayson alipofikisha miaka saba, mwezi wa Desemba, ikafika zamu ya Naftali, mtoto wa Solomoni, kwenda jando. Ukoo mzima uliitwa. Wiki hiyohiyo Diana, mdogo wake Soila aliyeolewa Nduruma, alijifungua kwa upasuaji na hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Ilibidi Soila aende kumuuguza, lakini alisita kuondoka mpaka Meshack akaudhika.

"Boma lenu nalijua," Soila alimwambia akifunga mzigo. "Kila jioni, Meshack. Watu wawepo wasiwepo. Mvue viatu. Na usimuulize, mwangalie."

"Kwani mimi mtoto, Mama Brayson? Si nimemkagua miaka yote hii?"

"Umemkagua hapa," Soila alisema.

Walipofika bomani, Brayson aliinamisha kichwa kwa adabu na babu yake akamgusa utosini. "Shikamoo babu." "Marahaba, simba." Mtoto aligeuka kumwangalia baba yake kuhakikisha kwamba amesikia anavyoitwa.

Jioni ile vijana walikaa kuzunguka moto, wakawa wanamtania Naftali, kama ilivyo desturi kumkejeli kijana aliye mlangoni mwa kisu. Utalia wewe. Utamwita mama yako. Mmoja akachukua kaa dogo la moto kwa vijiti na kumwekea mkononi, ajipime. Naftali alivumilia kidogo, akalikung'uta. Wakacheka. Brayson, aliyekuwa anatazama kwa makini kama anayefundishwa mchezo mpya, alichota kaa lingine kwa vidole vyake, akaliweka juu ya paja lake, akainua uso.

"Hivi?"

Kelele zilikatika. Kisha wanaume walipiga ukelele mmoja uliowaamsha mpaka mbwa. Meshack alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshapiga hatua, mkono ameutanguliza, na laiti angepiga hatua nyingine mbili tu mimi nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini Solomoni alimshika bega.

"Kaa chini, Baba Brayson," alisema.

Hakusema Kope. Mbele ya ukoo mzima, mbele ya vijana ambao nao walizaliwa wakalikuta jina hilo, kaka yake alimwita kwa jina la mwanawe. Meshack alikaa. Ni Naftali aliyelikung'uta lile kaa kwenye paja la mdogo wake, haraka, na hakuna aliyemwangalia Naftali.

Asubuhi Mzee Loishiye alichukua kipande cha tairi kuukuu akamkatia mjukuu wake katambuga. Kwa kawaida kazi hiyo ilikuwa ya fundi wa viatu pale senta, maana macho ya mzee yalikuwa na ukungu, lakini hizi alitaka kuzigongelea mwenyewe, misumari yote, kwa mkono wake. "Hizi ni za mwanaume," alisema akimvalisha. "Mwanaume havui mpaka shughuli iishe." Brayson alizikanyagisha ardhini kusikia mlio wake. Alikuwa hajawahi kuwa na kitu kilichowafanya wakubwa wamtazame hivyo.

Jioni Meshack alimwita nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Nampa haki yake, alimwita. Alikiosha kidonda cha paja, akakipaka mafuta, akaangalia mdomo, mgongo, viwiko. Alipoinama kufungua katambuga, Solomoni na wenzake wa rika walipita na vibuyu vyao.

"Vipi, unamkagua kama mbuzi wa mnadani?" Solomoni aliuliza, na wote wakacheka, cheko la kirafiki kabisa, la watu wanaomtania mwenzao. Miaka mingi Meshack alikuwa hajacheka nao.

Brayson alirudisha mguu nyuma. "Babu amesema mwanaume havui."

Meshack alibaki ameinama, vidole kwenye mkanda wa tairi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini. "Unaumia popote?"

"Hapana, baba."

"Haya. Nenda kacheze."

Kesho yake alfajiri Naftali alitahiriwa. Alikuwa wa kijivu kwa baridi na woga, midomo ameibana, machozi yamejaa mpaka ukingoni, lakini hakupepesa. Walimpigia kelele za heshima kidogo, kisha mazungumzo yakarudi kwa Brayson. Siku hiyo na iliyofuata mtoto alikimbia na ndama kwenye matope, alirukaruka na vijana wakicheza, alitumwa kuni, alitumwa maji. Mvua za vuli zilikuwa hazijakatika vizuri na kila mguu pale bomani ulikuwa wa tope na samadi mpaka kwenye kifundo, kwa hiyo hakuna aliyeona cha ajabu. Jioni Meshack alimuuliza tena. Mtoto akamjibu tena. Usiku Brayson alilala na katambuga zake miguuni, na mzee alipoambiwa alifurahi sana.

Siku ya kurudi mjini mtoto alikuwa amechoka. Alikuwa wa moto pia, lakini jua lilikuwa limetoka, na Meshack alijua mwili ule ulivyo na jua. Alimmwagia maji kichwani. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na mtoto akalala huku kichwa kinagonga bega lake, na Meshack aliwaza, Mungu amsamehe, jinsi atakavyomsimulia Soila kwamba wamemwita Baba Brayson.

Soila alikuwa ametangulia kufika. Alifungua mlango, akampokea mtoto mikononi, akasimama. Alimlaza kwenye kochi, akapiga magoti akafungua mkanda wa katambuga ya kushoto, akaivuta. Haikutoka. Aliingiza vidole kwa pembeni, akapapasa, akaacha.

"Leta tochi," alisema.

Msumari mmoja ulikuwa umepenya soli. Mkono wa mzee uliupiga lakini macho yake hayakuona kama umekunjika, na kila hatua ya mtoto iliusukuma juu zaidi, ndani ya kisigino, kila mbio, kila ruko, siku zote zile. Walipomwaga maji tope likaondoka, wakaona rangi ya mguu ilivyobadilika mpaka juu ya kifundo. Brayson aliamka, akawaangalia wazazi wake wawili waliopiga magoti mbele yake.

"Mama, babu amenipa viatu," alisema.

Soila hakuinua uso. "Ulimvua lini mara ya mwisho?"

"Nilimuuliza," Meshack alisema. "Kila jioni nilimuuliza."

Alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, alilielewa. Soila hakumtukana. Alichukua kanga, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka nje kutafuta usafiri wa hospitali, na Meshack akamfuata nyuma akiwa ameshika ile tochi inayowaka mchana.

Madaktari walijitahidi. Usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa na sumu yake ilikuwa imeanza kupanda kwenye damu. Waliwaita wazazi chumba cha pembeni, wakawaeleza kwamba ni mguu au mtoto. Waliukata chini ya goti.

Kwa siku nyingi baada ya hapo Soila na Meshack waliongea kuhusu uji, dawa, na nani analala hospitali leo. Hakuna kingine. Meshack alingoja alaumiwe kama mtu anavyongoja mvua, ili inyeshe iishe, lakini Soila hakumpa nafuu hiyo. Ukaguzi aliufanya yeye peke yake, kitandani, na akifika kwenye mguu wa kulia aliukagua mara mbili.

Kisha wazee walikuja. Mzee Loishiye, na Solomoni, na wazee wengine wawili wa ukoo, wamevaa lubega safi, wakajipanga kuzunguka kitanda. Meshack alidhani wamekuja kuomba radhi. Alikuwa hata ameandaa maneno ya kuwasamehe, ili naye apate wa kumsamehe. Soila aliwasalimia kwa heshima zote, akasogea kwenye ukuta.

Walifika wakati nesi anabadilisha bandeji. Kazi ile ni mbaya. Kitanda cha pili mtu mzima alikuwa ameshikwa na wenzake wawili kwa kazi hiyohiyo, akimwita Yesu. Brayson alikuwa anakula biskuti. Nesi alipovuta kitambaa kilichogandia kidondani, mtoto alishusha macho, akatazama kidogo, akaendelea kutafuna.

Mzee Loishiye aliegemeza fimbo yake kitandani. Alisogea, akauweka mkono wake kichwani kwa mjukuu wake, akamtemea mate ya baraka kwenye utosi.

"Nimeona wanaume," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezuia machozi. "Baba yangu nilimwona akichanwa na chui. Sijaona kama huyu. Mbele yenu nasema, mtamba wangu mwekundu, yule mwenye baka jeupe, kuanzia leo ni wa Brayson."

"Eeeh," wazee waliitikia.

Brayson aliacha kutafuna. Uso ulimng'aa. Aliangalia mahali ambapo mguu ulikuwa, kisha akaangalia mguu wake wa pili, akatikisa vidole vyake chini ya shuka.

"Babu," alisema. "Na huu nao wakiukata, utanipa ng'ombe wa pili?"

Solomoni alipasuka kicheko. "Mmemsikia? Mmemsikia simba wetu?" Wazee nao walicheka, wakatikisa vichwa kwa mapenzi, na mmoja akamgeukia Meshack akampigapiga bega. "Baba Brayson, umetuzalia."

Meshack aliinua macho akakutana na ya Soila kule ukutani. Soila hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa, anamwogopa mtoto wake mwenyewe na mguu wake mmoja uliobaki, na alikuwa anamtazama Meshack kama anayengoja kuona atakaa chini au hatakaa.

"Baba," Meshack alisema. "Ng'ombe huyo simpokei."

"Huyu mtoto si shujaa," alisema, na sauti haikuwa imara lakini hakuiacha ikatike. "Ni mgonjwa. Niliwaambia mara moja nikanyamaza. Hasikii maumivu, baba. Hajawahi kuvumilia kitu hata siku moja, kwa sababu hakuna anachosikia. Naftali alisikia kisu chote na akasimama. Huyo mpe mtamba. Na mimi nilisikia, ndiyo maana nilipepesa. Niiteni Kope. Niiteni mpaka nife. Lakini huyu msimsifu tena kwa damu yake, mtamuua. Mimi mwenyewe nimeshaanza kumuua."

Mzee Loishiye alijifunga lubega vizuri begani, akachukua fimbo yake, na wengine wakafuata. Solomoni ndiye aliyesema, akipita, bila hata kukaza sauti. "Haya, Kope."

Brayson aliwaangalia wanavyogeuka migongo. Alikuwa hajaelewa yote, lakini kile kilichochukuliwa alikielewa vizuri sana.

"Mimi si mgonjwa!" alipiga kelele. "Babu! Babu, mimi ni simba! Tazama!"

Aliinua mguu wake uliokatwa, akaupiga kwenye chuma cha kitanda. Akaupiga tena, kwa nguvu zaidi, machozi yanamtiririka, kamasi zinamtoka, akilia kama mtoto yeyote aliyenyang'anywa kitu chake. "Tazama, siumii! Babu, tazama, siumii!"

Meshack alijitupa kitandani akaukumbatia ule mguu kwa mikono yote miwili, akaubana kifuani, na mtoto akawa anampiga ngumi za kichwa huku anamwambia amwache. Damu ilikuwa imeshaanza kupenya kwenye bandeji mpya. Mlangoni babu alisimama kidogo, aliposikia kilio kile. Kisha akatoka.